Ramani shirikishi za vijiji kandokando ya Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa mashefu wa vijiji, akina mama wanaolima, wanafunzi wa kilimo, na vijana wenye simu nzuri ambao wazee wao wamewaambia, "Wewe unayejua mambo ya ramani, tusaidie." Wengi wanatuandikia kutoka barabara ya Kasenga, upande wa Kipushi, na njia ya kwenda Kasumbalesa. Tumeyapanga kwa kiasi tu. Anayetaka mambo ya simu aende moja kwa moja katikati.

Google inaonyesha kijiji chetu hadi mapaa ya nyumba. Kwa nini tuchore tena?

Picha ya angani inaona paa, haimwoni mwenye nalo. Itaonyesha pori la miombo ng'ambo ya mto, lakini haitasema kwamba pori hilo ndiko mnakookota viwavi na uyoga mvua zikishika, wala kwamba kipande kinachoonekana kimeachwa ni shamba la familia fulani linalopumzishwa. Hilo la pili ndilo linalowaumiza watu zaidi. Mtu wa mjini akifungua simu yake anaona ardhi tupu isiyo na nyumba wala mahindi, na kesho yake yuko kwa shefu na bahasha.

Katika ramani shirikishi, wanaoishi mahali wanaamua wenyewe kipi kichorwe, kiitwe jina gani, na mstari upite wapi. Fundi wa kompyuta anashika kalamu tu. Akianza kuamua yeye, mjue mmerudi kwenye ramani za kawaida.

Mipaka yetu tunaijua tangu enzi za mababu. Haraka ya nini?

Mababu hawakuwa na jirani mkubwa kama Lubumbashi. Mji huu unakula makala, unakula mahindi, na kila mwenye kacheo kake anataka ferme, shamba kubwa la kwenda kupumzika Jumamosi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba juu ya ardhi yenu kumekwisha kuchorwa ramani na watu wengine. Kadasta ya ardhi, yaani ofisi ya serikali ya kupima na kusajili ardhi, ina ramani ya konsesyo, zile haki za kutumia ardhi ambazo Serikali huwapa watu. Idara ya misitu ina yake. Wanaoishi karibu na Upemba au Kundelungu wana ramani ya hifadhi. Na Kadasta ya Madini, ile CAMI, imeigawa nchi nzima katika miraba inayoitwa karé, kila karé ikiwa na hekta 84.955, na leseni ya madini hutolewa kwa kuhesabu karé hizo. Karé haijui mto wala makaburi. Inapita juu ya vyote sawasawa. Katika ramani zote hizo kijiji ni nukta, na hiyo ni kama kimeandikwa kabisa.

Halafu kuna suala la pesa. Msimbo wa Madini wa mwaka 2002, kama ulivyorekebishwa Machi 2018, unagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya eneo, yaani shefari, sekta au komini, ambamo uchimbaji unafanyika, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zisome tena hizo 15. Mgodi ukifunguliwa karibu na mpaka wa shefari mbili, mpaka ambao jana ulikuwa hadithi ya wazee unageuka swali la mamilioni, na watu walioishi kwa amani wanaanza kutafutana. Afadhali kuuandika mpaka wakati bado hakuna anayeupigania.

Tukimaliza ramani, tutakuwa na hati ya ardhi yetu?

Hapana. Tunalijibu swali hili kwa ufupi na kwa sauti kubwa, maana kuna mawakala wanaozunguka vijijini wakiahidi hivyo. Ramani yenu, hata ikiwa na mihuri mitano, si hati.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, mali isiyoweza kuhamishiwa mtu mwingine. Vifungu vya 387 hadi 389 vinazungumzia ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji: nazo ni za Serikali, na haki za wenyeji juu yake zingepangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Kwa hiyo vijiji vyetu vimeishi kama mpangaji ambaye mwenye nyumba amekubali akae lakini hakumpa karatasi. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, imeongeza nguvu kidogo kwa kutambua mali ya mtu mmoja au ya pamoja iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Ni neno zuri, na wakili anaweza kulitumia. Ila mbele ya mtu mwenye cheti cha usajili mkononi, utalihitaji na ushahidi, na hapo ndipo ramani inapoingia.

Basi inatusaidia nini?

Kuna mlango mmoja ambao ramani inaufungua moja kwa moja: msitu wa jamii. Sheria ya misitu ya Agosti 2002, kifungu cha 22, inaruhusu jamii kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi. Utaratibu wake uko katika dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014. Eneo linaweza kufika hekta 50,000, linatolewa kwa muda usio na mwisho, na anayetia sahihi ni gavana. Faili la maombi bila ramani haliendi popote. Katika Haut-Katanga ziko jamii zilizokwisha kupita mlango huo, kwa hiyo hatusemi ndoto.

Milango mingine haiko wazi hivyo, ila ina manufaa. Kabla ya ardhi ya kijijini kutolewa kwa konsesyo, sheria ya 1973 inadai uchunguzi wa awali wa kujua kama ardhi hiyo iko wazi na nani ana haki juu yake. Kwa kawaida uchunguzi huo unafanyika na watu wachache, na wakati mwingine unamalizikia mezani. Kijiji kilichokwisha kupeleka nakala ya ramani yake kwa msimamizi wa teritware (kama mkuu wa wilaya) na kwa kadasta kinamfanya anayeandika "ardhi ni wazi" atie sahihi huku anajua kuna karatasi inayompinga.

Kampuni ya madini ikija, mambo ni mawili. Leseni ya madini ni haki ya kilicho chini. Haimpi mwenye nayo udongo wa juu hivihivi, na anayeharibu mashamba anawiwa fidia. Ramani inasema mashamba yalikuwa wapi na ya nani kabla ya tingatinga kupita. La pili ni daftari la masharti, ambalo tangu 2018 kampuni inapaswa kukubaliana na jamii, pamoja na mchango usiopungua asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo. Wakati wa kujadiliana daftari hilo, swali la kwanza huwa ni vijiji gani vinaguswa. Asiyekuwa kwenye ramani anasikia habari redioni.

Tuanzie wapi? Tununue GPS?

Msinunue kitu. Fagieni uwanja.

Ramani ya kwanza ichorwe chini, kwenye mchanga, kubwa kiasi cha watu kutembea ndani yake. Majivu yawe barabara, majani mabichi yawe msitu, vizibo vya chupa za Simba viwe nyumba, mawe yawe vilima. Ubora wake ni kwamba hakuna anayeogopa kuifuta. Karatasi na kalamu zinawanyamazisha wazee. Kijiti kila mtu anajua kukishika.

Kitu tunachokiona karibu kila mahali ni hiki. Wanaume wanaanza, wanachora barabara, shule, kanisa, mpaka, na njia ya makala. Lile bonde la majani lenye maji, dembo, wanaliacha tupu, au wanatupia majani mawili na kusema "hapa hakuna kitu." Kisha akina mama wanaitwa. Katika kijiji kimoja, mama mmoja aliingia ndani ya ramani kwa miguu mitupu, akapiga magoti, akaikata dembo vipande kwa kijiti: hapa bustani za kiangazi, na zina wenyewe, hapa kisima ambacho hakikauki hata Oktoba, hapa udongo wa kufinyanga, hapa maji yameharibika tangu watu waanze kuosha mawe ya madini upande wa juu. Waume zao walikuwa wanatazama kama wageni. Kama kazi ingeanzia kwenye GPS, dembo ile ingeingia kwenye kompyuta kama rangi moja ya kijani.

Kwa hiyo gawanyeni makundi: wazee peke yao, akina mama peke yao, vijana peke yao, halafu wekeni michoro mitatu pamoja na mgombane. Ugomvi huo ndio kazi yenyewe. Pigeni picha kabla kuku hawajapita.

Wageni waliohamia kwetu nao washirikishwe? Wachoma makala je?

Ndiyo, na tunajua hamtalipenda jibu hili. Wapo waliotoka Kasai, wapo waliotoka kaskazini mwa Katanga, wapo vijana wa mjini waliokuja kuchoma makala msimu mmoja wakabaki. Kuwashirikisha si kuwapa ardhi. Ni kuandika wanatumia nini, kwa ruhusa ya nani na kwa masharti gani. Mchoma makala ambaye hayumo kwenye mazungumzo hataziheshimu sheria za msitu ambazo hakuzisikia, na yeye ndiye mwenye shoka.

Jirani anakataa mpaka. Tusubiri?

Msiende na simu kuupima mpaka bila jirani. Hii ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuwasha moto uliokuwa umelala: watu wanaona vijana wa kijiji kile wakitembea na vifaa, na jioni inasemwa kwamba wameuza.

Fikirieni wazee wawili kutoka vijiji viwili, wote wakisema neno moja: mpaka wetu ni kichuguu kikubwa chenye mti juu. Furaha. Mnaenda porini, na kumbe kila mmoja ana kichuguu chake, na kati ya viwili hivyo kuna mwendo wa dakika ishirini na mashamba ya familia kadhaa. Hapo hakuna mwongo. Kila kijiji kimesimuliwa na wa kwake.

Linalofanya kazi ni kurekodi vichuguu vyote viwili, kuchora mistari miwili ya nukta nukta, na eneo la katikati kuliita eneo la matumizi ya pamoja mpaka mazungumzo yaishe. Waliomo wanaendelea kulima. Hakuna shamba jipya, hakuna kuuza. Andikeni PV, yaani taarifa rasmi ya mlichokubaliana, mashefu wote wawili watie sahihi, na mashahidi wa pande zote. Mkishindwa, pandisheni kwa shefu wa grupema (kundi la vijiji), halafu shefari. Ramani yenye mstari wa nukta nukta ina heshima kuliko ile yenye mstari mnene ambao jirani hautambui, kwa sababu ofisini swali la kwanza litakuwa, "Jirani alisaini?"

Tutumie simu gani na programu gani? Kwetu hakuna mtandao.

GPS ya simu haihitaji mtandao. Inasikiliza satelaiti moja kwa moja. Mtandao husaidia tu kuifanya ianze haraka. Bila huo, simama mahali peupe dakika kadhaa hadi ikamate, kisha endelea. Simu yoyote ya Android ya kawaida inatosha. Chanzo cha shida nyingi ni betri, kwa hiyo chukueni betri ya akiba na mpunguze mwanga wa kioo.

Programu zote tunazozitaja ni za bure. Kwa kutembea na kurekodi njia, OsmAnd, ambayo ramani yake unaipakua mjini kabla ya kuondoka. Kwa kujaza maswali pamoja na nukta, ODK Collect au KoboCollect: mnatengeneza fomu yenu, kwa Kiswahili au Kilamba au Kibemba, na data inakaa ndani ya simu mpaka mkute mtandao. Kwa watu wasiosoma kuna Sapelli, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha London, University College, ambayo badala ya maneno hutumia vipicha. Watu wa msituni katika Kongo-Brazzaville wameitumia kuandika miti yao na ujangili. CoMapeo nayo imetengenezwa mahususi kwa jamii za wenyeji, na simu mbili zinabadilishana data bila intaneti. Mwishoni, kwenye kompyuta, QGIS, programu ya kuchorea ramani. Hiyo inataka mtu aliyefunzwa, na wanafunzi wa agronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi mara nyingi wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi.

Ushauri wetu: chagueni programu mbili, mzijue vizuri. Tumeona miradi inayokuja na kompyuta kibao, droni na fulana, na mradi ukiisha hakuna anayejua nenosiri.

Simu inakosea kwa kiasi gani?

Mahali peupe, mita chache, tuseme kama tano. Chini ya miti minene au kando ya mlima, zaidi. Je, hiyo ni nyingi? Inategemea unapima nini. Chukua shamba la hekta moja, mita 100 kwa 100. Kila ukingo ukisogea nje mita tano, linakuwa mita 110 kwa 110, yaani mita za mraba 12,100. Ukisogea ndani, 90 kwa 90, mita za mraba 8,100. Shamba lilelile, tofauti ni karibu nusu hekta. Kwa mpaka wa kijiji chenye maelfu ya hekta mita tano hazimuui mtu. Kwa viwanja vya nyumba zinatosha kuleta mapanga. Kwa viwanja mwiteni mpimaji wa kadasta.

Kadasta wamesema namba zetu zinaangukia nje ya teritware. Tulikosea wapi?

Nusu ya barua tunazopata zinaishia hapa, na karibu kila mara ugonjwa ni mmoja kati ya mitatu.

Wa kwanza: digrii na dakika zimesomwa kama desimali. Tuseme nukta yenu iko digrii 11 dakika 39 kusini. Mtu anaandika 11.39. Lakini dakika ziko 60 katika digrii, kwa hiyo dakika 39 ni 0.65, na namba sahihi ni 11.65. Tofauti ya 0.26 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Digrii moja ni kama kilomita 111, hivyo kijiji chenu kimehamia kilomita 29 kaskazini.

Wa pili: alama ya kutoa imesahaulika. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ni hasi. Ukiandika 11.65 bila alama, pamoja na longitudo 27.48, shefu wenu ataamkia Sudan.

Wa tatu ni mgumu kidogo. Ramani za kale za enzi za Wabelgiji zilitumia msingi mwingine wa vipimo, tofauti na huu wa satelaiti ambao simu zinautumia, WGS 84. Ukizilaza moja juu ya nyingine bila kugeuza, mto wa ramani ya kale na mto ulioupita ukiurekodi haikutani. Watu wanadhani mto umehama. Mwambieni fundi wa QGIS ahakikishe msingi wa kila ramani kabla ya kuunganisha, na kama kadasta wanataka namba za mita badala ya digrii, Lubumbashi iko katika ukanda wa 35 Kusini wa UTM, mfumo wa kupima kwa mita.

Droni? Picha za satelaiti?

Droni inataka kibali, na katika eneo la migodi, kuirusha bila kibali ni kutafuta polisi. Picha za satelaiti ni nafuu zaidi. Sentinel-2 ya Ulaya inatoa picha za bure ambazo kila nukta yake ni mita 10. Landsat ya Marekani ni mita 30, lakini ina kumbukumbu ndefu, na kwa hilo tunaipenda: weka picha ya miaka ya 1980 kando ya picha ya mwaka huu, uwaonyeshe wazee. Msitu uliokuwa unaanzia nyuma ya kanisa sasa uko mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Hakuna hotuba ya mazingira inayofanya kazi kama picha hizo mbili. Chagueni picha za mwanzo wa kiangazi, Mei au Juni. Wakati wa mvua kuna mawingu, na kuanzia Agosti moshi wa moto wa pori unaharibu kila kitu.

Tuonyeshe makaburi ya mashefu, miti ya mukula, na mahali tunapojua kuna madini?

Chukulieni kwamba kila mnachokichora, adui yenu atakisoma. Mukula, ule mti mwekundu, umewahi kumaliza misitu mizima hapa Haut-Katanga mara tu wanunuzi walipojua uko wapi. Ramani yenye nukta za mukula ni orodha ya manunuzi.

Tengenezeni ramani mbili. Ya wazi ina mpaka, barabara, shule, zahanati, visima, maeneo ya mashamba na msitu kwa jumla. Ya ndani ina makaburi, mahali pa mizimu, miti ya thamani, na inakaa kwa watu mliowachagua. Kama jambo la siri linahitaji kulindwa kwenye ramani ya wazi, chora eneo pana na uliite "hifadhi ya kijiji" bila kueleza. Barabara na zahanati zinafaa kuwekwa hata OpenStreetMap, ramani huru ya intaneti, ambako dunia nzima inaweza kuzitumia wakati wa kipindupindu au mafuriko. Ila mjue kilichowekwa huko kimekwisha kuenea. Kukifuta baadaye hakuzirudishi nakala.

Na muulizeni kila anayekuja kuwasaidia, kabla hajashuka kwenye pikipiki: data itakaa wapi, na tukisema hapana utaifuta?

Shefu wetu ameshauza vipande kwa siri. Ramani itamfichua. Tufanyeje?

Swali hili huja usiku, kwa ujumbe mfupi, na tunaelewa kwa nini.

Kisheria shefu wa desturi hawezi kuuza udongo. Kinachouzwa ni ridhaa yake, ile karatasi ambayo mnunuzi anaipeleka kadasta kuanza safari ya konsesyo. Hivyo mauzo mengi bado yako njiani, na mengine hayajafika popote. Msianze kwa kumshtaki. Ramani isemwe ni ya kijiji kizima, na maeneo hayo yachorwe kama yalivyo: "shamba la mtu wa mjini, hekta kadhaa, halijafunguliwa." Tumeona shefu akitaja mwenyewe, mbele ya ramani ya mchanga, kipande ambacho hakuna aliyethubutu kumuuliza, kwa sababu kukiacha tupu kungemwaibisha zaidi. Tumeona pia kazi nzima ikifungwa siku hiyohiyo. Shefu akifunga, rudini kwa wazee wa ukoo na shefu wa grupema, taratibu. Bila sahihi yake faili la msitu wa jamii litakwama, kwa hiyo mnamhitaji.

Ramani iko ukutani. Mpango wa matumizi ya ardhi ndio huo?

Bado. Ramani inasema kilichopo. Mpango unasema mmekubaliana kufanya nini nacho, nani anaruhusiwa, na anayevunja anatozwa nini. Vijiji vingi vinaishia ukutani kwa sababu mpango unadai kujinyima kitu.

Kwetu, moyo wa mpango ni makala. Kusema "marufuku" ni kupoteza karatasi, maana ndiyo pesa ya ada za shule. Miombo ina bahati moja: miti yake mingi huchipuka tena kutoka kwenye kisiki, mradi kisiki kising'olewe na moto mkali usipite kila mwaka juu ya machipukizi. Kwa hiyo pori la makala linaweza kugawanywa vipande, kikakatwa kimoja na kufungwa, kisha kingine. Hesabu ndiyo inayouma. Kipande kinahitaji miaka ishirini na zaidi kurudi kuwa miti ya makala. Mkiwa na vipande vitano na kila kimoja mnakimaliza kwa miaka miwili, mwaka wa kumi na moja mnarudi kwenye vichaka. Fanyeni hesabu hiyo pamoja na wachomaji, kwa ramani yenu, na muone kama msitu mlionao unatosha idadi ya watu waliopo. Mara nyingi hautoshi, na hapo mazungumzo yanageuka kuwa ya kweli: nani apunguze.

Mengine ni mepesi. Miti ya viwavi isikatwe ili kuokota viwavi. Kandokando ya mto pasilimwe. Moto wa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ni bora kuliko ule wa Septemba.

Tumepata mwongozo wa Kiswahili kutoka Tanzania. Tuufuate?

Usomeni, una mengi mazuri juu ya mikutano na alama za ramani. Ila sheria yake si yetu. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999: halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji, kijiji kinapata cheti, na mpango wa matumizi ya ardhi unatambuliwa kisheria. Huko Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha mipango yao ili kulinda malisho ya pamoja, na jina la eneo, OLENGAPA, limetokana na majina yao matatu. Mfano huo wa kuunganisha vijiji unaweza kuigwa hata hapa. Lakini ukienda kwa msimamizi wa teritware ukadai "cheti cha ardhi ya kijiji" atakutazama tu. Hapa kijiji na grupema si mamlaka zenye hadhi ya kisheria ya kujitegemea. Shefari na sekta ndizo zenye hadhi hiyo, kwa sheria ya Oktoba 2008.

Gharama?

Pikipiki, chakula cha mikutano, kuchapisha. Teknolojia ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kama kuna pesa kidogo, itumieni kuchapisha ramani kubwa kwenye turubai la plastiki, lile la matangazo. Karatasi haimalizi msimu mmoja wa mvua.

Nakala zikae wapi?

Zisikae kwa mtu mmoja, wala ndani ya simu ya kijana ambaye mwakani atakuwa Kolwezi. Nakala moja iwe kwa shefu, moja shuleni au kanisani, moja kwa kikundi cha akina mama, moja kwa shefari, na moja kwa teritware, ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ule muhuri wa kupokelewa msiudharau. Haumaanishi wamekubali, unamaanisha hawawezi kusema hawakuona. Faili za kompyuta ziwekwe kwenye flash mbili, moja mjini moja kijijini, pamoja na PV zilizopigwa picha. Na kila mwaka baada ya mavuno, itandikeni ile ya turubai chini ya mwembe, mchukue kalamu ya rangi, muandike juu yake kilichobadilika. Inaruhusiwa kuchafuka.